Usiulize Asilimia, Uliza Mtoto Analipa Ngapi

Matangazo huanza kumiminika mwezi wa saba, majuma machache kabla shule hazijafungwa. Picha huwa zile zile: bwawa la kuogelea, minazi, mtoto aliyejivika boya akicheka, na juu yake duara jekundu lenye maandishi manene, PUNGUZO LA ASILIMIA 40. Mzazi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret ambaye wanawe hawajawahi kuiona bahari huitazama ile arubaini na kuanza kupiga hesabu kichwani. Mimi nasema arubaini hiyo ndiyo habari duni kuliko zote zilizomo katika tangazo.

Asilimia 40 ya nini? Ya bei iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba, ambayo ni nadra kumpata Mkenya aliyewahi kuilipa. Karibu kila hoteli ya Pwani ina bei hiyo ya kileleni, na kazi yake kubwa ni kupunguzwa. Ukiwa na mkeo au mumeo tu, punguzo hilo linaweza kukufaa. Ukiwa na watoto wadogo, gharama yako huamuliwa na mambo mawili ambayo hayaandikwi ndani ya duara jekundu: hoteli inamhesabu mtoto kwa namna gani, na unakwenda juma lipi.

Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo linalowaumiza wengi.

Hoteli nyingi za Diani, Bamburi, Shanzu na Watamu hazitangazi bei ya chumba. Hutangaza bei ya mtu mmoja, kwa usiku mmoja, akiwa analala chumba kimoja na mwenzake. Ukiona shilingi 8,500, hiyo ni nusu ya kile ambacho wewe na mwenzako mtalipa. Watoto hawajaguswa bado. Tuchukue mfano wa kubuni. Baba, mama, mtoto wa miaka 7 na mwingine wa miaka 4. Hoteli ya kwanza, yenye duara jekundu, inatoza hizo 8,500 kwa mtu mzima, inamsamehe mtoto wa chini ya miaka 3, na wale wa 3 hadi 11 wanalipa nusu. Wazazi ni 17,000, watoto ni 8,500 nyingine, jumla 25,500 kwa usiku. Mkilala siku tatu ni 76,500. Hoteli ya pili haina punguzo wala duara. Inatoza 10,500 kwa mtu mzima, lakini watoto wawili wa chini ya miaka 12 wanaolala na wazazi hawalipi kitu. Hapo ni 21,000 kwa usiku, 63,000 kwa siku tatu. Ile iliyoonekana ghali imekuokolea shilingi 13,500, na nauli ya treni imepatikana.

Nimeitaja treni makusudi. Treni ya Madaraka inayotoka Nairobi kwenda Mombasa ina sheria ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuieleza: wa chini ya miaka 3 hakatiwi tiketi, wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli, wengine wote hulipa nauli kamili. Kwenye ndege, mtoto anayepakatwa ni yule ambaye hajafikisha miaka 2. Ukishavijua vipimo hivyo, unavijua kwa safari zote. Katika hoteli kila mwenye jengo amejiwekea mpaka wake. Kuna anayemsamehe mtoto hadi miaka 2, kuna wa 3, kuna wa 5, kuna wa 12. Kuna anayemsamehe mtoto mmoja tu kwa kila chumba, yaani mdogo wake anayekuja baada yake analipa ijapokuwa ni mdogo zaidi. Kuna anayekuambia chumba ni bure ila chakula kinalipwa. Na kuna yule ambaye mtoto kwake ni wa bure akilala kitanda kimoja na wazazi, lakini akiomba godoro lake anageuka nusu mtu mzima.

Ndiyo maana wahudumu wa mapokezi hawaishiwi na hadithi. Baba anajaza fomu kwamba binti ana miaka mitano, na binti mwenyewe, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, anamsahihisha kwa sauti inayosikika hadi baa: nina saba! Tunacheka, lakini bei inayomfundisha mzazi kusema uongo mbele ya mwanawe ina kasoro mahali fulani.

Kasoro kubwa zaidi humwangukia mama anayelea peke yake. Bei hizi zote zimeshonwa kwa familia ya watu wazima wawili na watoto wawili, ile ya kwenye picha. Mama akija na watoto wake wawili bila mtu mzima mwingine, hoteli humtoza bei ya mtu mmoja, ambayo huwa juu kuliko ile ya kulala wawili, kwa hoja kwamba anakalia chumba ambacho kingeingiza fedha za watu wawili. Haya, tuseme hoja hiyo tumeikubali. Kisha nyingi hugeuka na kumhesabu mtoto wa kwanza kama ndiye mtu wa pili wa chumba, alipe robo tatu au hata bei kamili. Nimewahi kuliuliza jambo hili kwa simu katika hoteli moja ya Pwani ya Kusini, na meneja, kwa heshima zote, akaniambia ndivyo mfumo ulivyo. Huwezi kumtoza mama kwa sababu kitanda cha pili kiko tupu, kisha umtoze mtoto kwa sababu amekilalia. Moja kati ya hizo ni lazima iondoke. Nawashauri akina mama walio katika hali hiyo wasibishane juu ya asilimia hata kidogo. Waiseme hoja hiyo hivyo hivyo, kwa upole, na wamtake anayepokea simu achague. Wengi huchagua, na mara nyingi anayefaidika ni mteja.

Halafu kuna dada wa nyumbani. Familia nyingi za mijini zenye mtoto wa chini ya miaka miwili husafiri naye, na ni yeye tu asiyetajwa popote kwenye tangazo. Hoteli humhesabu mtu mzima, kama alivyo, na humpa chumba chake cha mtu mmoja, bei ikapaa tena. Lakini ukiuliza, hoteli kadhaa za Pwani zina bei ya madereva na wasaidizi, vyumba vya upande wa nyuma na chakula cha jiko la wafanyakazi. Bei hiyo haitangazwi. Binafsi mpango huo haunifurahishi sana. Mtu aliyeletwa baharini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akalazwa nyuma ya jenereta na kukatazwa bwawa, hajaletwa likizo, amehamishiwa kazi mahali penye joto zaidi. Ukiwa huna uwezo wa kumlipia kama watu wengine, mpe siku zake aende kwao, na umfunge mwanao mbeleko wewe mwenyewe.

Bibi na babu ni hesabu nyingine. Familia yenye wazee, watoto na mabinamu haifai kuanzia hotelini hata kidogo. Kuanzia Nyali hadi Kilifi, na Diani kwa wingi, kuna nyumba za kupangisha zenye vyumba vitatu au vinne, jiko, na mpishi ambaye huja na nyumba au hulipwa kwa siku. Mpishi huyo ataamkia kwa wavuvi, alete changu au tasi, apike wali wa nazi, na asubuhi atume mtoto wa jirani akalete mahamri na mbaazi. Familia mbili zikigawana nyumba ya namna hiyo, gharama ya kila mtu hushuka chini ya hoteli nyingi zenye maduara mekundu. Kinachokosekana ni bwawa lenye mlinzi na watu wa kuwachezesha watoto, na kwa wazazi wengine hilo ndilo walilolifuata.

Nikirudi hotelini, jambo la chakula linahitaji kutazamwa kwa jicho la mtoto. Bei nyingi za wenyeji hujumuisha kiamshakinywa na chajio, wenyewe huita hafu-bodi. Kwa watu wazima ni mpango mzuri: mchana mko ufuoni, mnakula embe na viazi karai, jioni mnarudi mezani. Mtoto wa miaka mitatu ana ratiba yake. Ameamka saa kumi na mbili alfajiri, kwa kuwa Pwani jua halina subira. Saa sita ana njaa ya kulia. Chajio hufunguliwa saa moja au saa moja na nusu usiku, na wakati huo yeye amelala begani, mchanga ukiwa bado masikioni. Umemlipia bufee ya samaki wa kuchoma, pilau na keki za aina sita, akala usingizi. Na ule mlo wa mchana ambao haukuwa ndani ya bei umeulipa kwa bei ya menyu, sahani ya kuku na chipsi ikigharimu kama chakula cha siku mbili nyumbani. Kwa hiyo mwenye watoto wa umri huo ama achukue bei yenye milo yote mitatu, ama achukue ya kiamshakinywa peke yake na kujitafutia mengine. Ile ya katikati inamfaidi mwenye hoteli. Mpango wa kila kitu ndani, pamoja na vinywaji, unafaa pale watoto wako wanapokuwa wa kuomba soda na aiskrimu kila baada ya nusu saa. Kama ninyi wazazi hamnywi pombe, mtakuwa mnalipia bia za wageni wengine.

Sasa juma la kwenda. Hapa ndipo palipo na fedha nyingi kuliko punguzo lolote, na ndipo nashangaa jinsi wazazi tunavyojipanga foleni moja.

Sote tunakwenda Pasaka, Agosti na Krismasi. Hoteli zinajua. Kati ya tarehe 20 Desemba na Mwaka Mpya hazihitaji kubembeleza mtu. Nyingi huongeza karamu ya mkesha ambayo ni lazima uilipie, hata kama watoto watalala saa mbili, na nyingine hukataa kukupa chumba kwa chini ya siku tatu au nne mfululizo. Agosti ni ghali kidogo tu kuliko inavyostahili, lakini ndio mwezi ambao wazazi wa watoto wadogo wangeupima kwa makini zaidi, kwa kuwa kusi huwa bado inavuma kwa nguvu. Wanaoteleza baharini kwa tiara huifuata Diani kwa sababu ya upepo huo. Mtoto wa miaka miwili hautaki, na maji huwa na mawimbi.

Kalenda ya shule za Kenya, pamoja na lawama zote inazopewa, imetuachia zawadi ambayo wengi hatuifungui. Muhula wa tatu ni mfupi, na shule za msingi hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Tangu hapo hadi katikati ya Desemba kuna zaidi ya mwezi mzima ambapo watoto wako nyumbani, Wazungu wa Krismasi hawajafika, na hoteli zina vyumba vitupu kila usiku. Ni wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijakaza, na bahari hutulia. Mvua za vuli hunyesha, ni kweli, lakini mara nyingi hunyesha kwa saa chache na kupisha jua. Mzazi anayeweza kuomba likizo yake ya kazi katikati ya Novemba, akaingia Jumapili na kutoka Alhamisi, atapata bila kupiga kelele kile ambacho mwenzake wa Desemba hatakipata hata kwa kupiga magoti. Tatizo ni waajiri wanaofikiri kwamba Mkenya hupumzika Desemba 24 tu. Hilo linahitaji makala yake.

Wenye watoto ambao hawajaanza shule wana uhuru mkubwa zaidi, na mara nyingi hawajui kwamba utakwisha. Baada ya Mwaka Mpya, Mkenya amerudi nyumbani kukabiliana na karo na ile Januari isiyokwisha, huku bahari wakati wa kaskazi ikiwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Bei za wageni wa ng'ambo huwa juu, lakini za wenyeji mara nyingi hushuka, hasa katikati ya juma. Mei ndio mwezi wa bei za chini kabisa, na ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Hoteli nyingine hufunga kabisa ili zipakwe rangi, na nyingine hubaki wazi huku mafundi wakigonga misumari juu ya kichwa cha mtoto anayelala mchana. Ukienda Mei, uliza kama kuna ukarabati, uliza kama mgahawa wote umefunguliwa, uliza kama kuna mahali pa kuchezea palipoezekwa. Juni ni afadhali sana, mvua inapungua na bei bado hazijapanda.

Kuna kalenda nyingine ambayo hoteli haitakutajia, ile ya mwezi mbinguni. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa inaweza kufika karibu mita nne. Siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, muda ule ule mlioshuka ufuoni na ndoo zenu, na bahari mnaiona imekaa mbali kwenye mwamba. Kwa mtoto mdogo si hasara. Vidimbwi vinavyobaki ni vya kimo chake, vimejaa kaa na visamaki, mradi avae viatu vya mpira kwa ajili ya miiba. Kwa mtoto wa miaka tisa aliyekuja kuogelea, itakuwa saa nne za kununa. Anayetaka maji ufuoni asubuhi achague siku za maji mafu, zile za kati ya bamvua moja na nyingine. Kulijua hilo hakugharimu shilingi.

Kuhusu mahali pa kuchukulia chumba, nina maoni yaliyokaza. Tumia programu za simu na tovuti kubwa kulinganisha, kisha pigia hoteli. Tovuti hizo hukata kamisheni, na kiwango cha asilimia 15 ni cha kawaida, kingine huzidi. Fedha hiyo inatoka mfukoni mwa hoteli, na mtu wa kitengo cha mauzo anajua hivyo kuliko wewe. Hata hivyo usimwombe akurudishie yote kwa taslimu. Mwombe vitu ambavyo kwake ni rahisi na kwako ni vikubwa. Kitanda cha mtoto mchanga kiwekwe chumbani kabla hamjafika. Chumba cha ghorofa ya chini, mbali na jukwaa la muziki wa usiku. Vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kama watoto wamekua. Mtoto wa miaka 4 ahesabiwe na wa miaka 3. Ruhusa ya kukaa chumbani hadi saa tisa siku ya kuondoka, maana treni ya usiku iko mbali. Mazungumzo yenyewe hayana ugumu:

"Habari ya asubuhi, dada. Tuko wazazi wawili na watoto wawili, wa miaka saba na minne. Nataka jumla ya siku tatu, watoto wakiwa ndani, chakula cha mchana kikiwa ndani."

"Sawa, mama. Bei yetu ni elfu nane na mia tano kwa mtu..."

"Niambie jumla tu, mpenzi. Nitumie kwa maandishi."

Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Ahadi ya simuni haina mwenyewe, zamu ikibadilika imekwenda. Ikiwa kwenye barua pepe au WhatsApp ya hoteli, inasimama. Na usitume malipo kwa namba ya mtu binafsi. Hoteli halisi ina namba ya biashara ya M-Pesa inayoonyesha jina lake kabla hujathibitisha, na jina hilo likiwa la mtu usiyemjua, kata simu. Nyumba hewa zenye picha nzuri zilizoibwa ni nyingi, na hushamiri Desemba, wakati watu wanapokata tamaa.

Mjini Mombasa kwenyewe uliza pia kama kuna semina. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na kabla ya hapo idara husafiri. Mabwawa hujaa watu wenye beji shingoni, na zile bei za katikati ya juma ninazozisifu huyeyuka. Naivasha hali ni hiyo hiyo, tena wikendi huja harusi.

Kuna bei moja zaidi ambayo watu huikimbilia, ile isiyorudishwa. Hupungua labda kwa sehemu ya kumi ukilipa yote mapema na kukubali kwamba usipofika fedha zimekwenda. Kwa kijana asiye na watoto ningesema ichukue. Mtoto wa miaka mitatu ni mtu wa homa ya ghafla, ya sikio linalouma usiku wa kuamkia safari, ya tetekuwanga iliyoletwa kutoka chekechea siku ya mwisho ya muhula. Kumlipia mtoto kama huyo chumba kisichorudishwa ni kucheza kamari na kinga yake ya mwili, na ushindi wenyewe ni shilingi elfu sita. Nakataa. Afadhali hoteli inayokubali kusogeza tarehe, hata kama hairudishi pesa. Nyingi hukubali kwa wenyeji, ukiuliza kabla ya kulipa.

Hadi hapa nimemtwika mzazi mzigo wote, nami sioni kwa nini uwe wake peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika kikamilifu na huduma anayoinunua. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumtoza mteja ada ambayo hakuelezwa kabla ya huduma. Ile karamu ya mkesha wa Mwaka Mpya inayojitokeza mezani kwa mapokezi, au lile godoro la shilingi elfu mbili kwa usiku, vinaangukia humo humo. Wenzetu wameanza kuchoka pia. Nchini Uingereza sheria iliyopitishwa 2024 imepiga marufuku, tangu Aprili 2025, mtindo wa kuonyesha bei ndogo kisha kuongeza ada za lazima kidogo kidogo. Marekani ilifuata mwezi mmoja baadaye kwa kanuni inayozitaka hoteli na nyumba za kupangisha zioneshe bei kamili tangu mwanzo. Zote mbili zinahusu ada. Suala la mtoto anayebadilika kuwa nusu mtu mzima hazijaligusa, na hapo Kenya ingeweza kutangulia badala ya kungoja.

Ninachotaka ni kidogo. Kila tangazo la likizo ya familia liandike bei ya familia: watu wazima wawili na watoto wawili, umri utajwe, milo itajwe, kodi ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2 zikiwa ndani. Na chini yake bei ya pili, ya mtu mzima mmoja na watoto wawili.

Wenye hoteli niliowahi kuzungumza nao hujibu kwamba familia hazifanani na hawawezi kuandika bei za kila aina ya watoto duniani. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zama za vitabu vya karatasi. Leo mtambo wa kuweka nafasi, wa hoteli yoyote yenye vyumba hamsini, unakuuliza umri wa kila mtoto kabla ya kukupa jibu. Hesabu ipo tayari, na kinachobaki ni nia ya kuionyesha mapema. Hujibu pia kwamba mgeni mwenyeji ni mgumu, anabishana, anajaza watoto kwenye chumba kimoja, anabeba maandazi kutoka mezani. Anabeba, ndiyo. Lakini Agosti 1997, machafuko ya Likoni yalipowakimbiza watalii, mapema 2008 baada ya uchaguzi, Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliposafirisha wateja wao kutoka Mombasa kabla ya siku zao kuisha, na tena 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, ni Mkenya huyo huyo aliyebembelezwa aje alale. Mara hizo hakuna aliyehesabu maandazi.

Mpaka sheria au aibu ifanye kazi yake, shule zitafungwa tena Oktoba. Mwenye hoteli atakayeniandikia jumla ya Novemba kwa familia yenye mama mmoja, bibi mmoja, watoto watatu na dada aliye na kitanda chake cha heshima, ataona jinsi vyumba vyake vinavyojaa bila duara jekundu.